Piza ya Makaa: Moto wa Chini na Moto wa Juu



Kurasa hizi kwa desturi ni za mambo ya shamba: miche, palizi, kuchuma, kuanika na bei. Safari hii twaomba radhi tuingie jikoni, na twaingia kwa sababu. Wako wanachama wetu ambao mashamba yao hutembelewa na wageni wanaokuja kutazama viungo, na mgeni akisha kuonyeshwa mdalasini, hiliki na mkarafuu hutaka chakula. Wako wengine ambao watoto wao, wakirudi kutoka mjini wakati wa mavuno, neno lao ni piza, piza. Basi watu wamejaribu kuipika juu ya makaa, na malalamiko tunayoyasikia ni yale yale kila upande: chini imeungua ikawa nyeusi, juu jibini haijayeyuka, na katikati ni unga mbichi unaonata menoni. Bei ya unga na jibini si ya kuchezea, na chakula kama hicho hata kuku hukizunguka wakakiacha.

Sisi twaona kosa halimo katika vitu vinavyotiwa. Kosa limo katika moto. Piza ni mkate wa moto mkali, na moto huo wapaswa kuwa wa namna mbili, wa chini na wa juu, wala hautoshi mmoja bila ya mwenziwe. Mwenye kulijua hilo aweza kuipika kwa makaa ya kawaida na akawaandalia wageni bila ya haya. Asiyelijua, hata akinunua jibini ya bei kubwa, hasara itakuwa yake.

Kwanza tutenganishe majina. Ile inayouzwa Forodhani usiku, ikaitwa piza ya Zanzibar, siyo hii tunayoisema. Ile ni unga usiotiwa hamira, uliovutwa ukawa mwembamba kama karatasi, ukawekwa nyama ya kusaga, kitunguu na yai, ukakunjwa, ukakaangwa kwa mafuta juu ya chuma. Ni jamaa ya mantabali, na ni chakula kizuri. Hatukusudii kukitia dosari. Lakini kile hukaangwa, na hiki tunachokisema huokwa. Mtu akitumia njia ya kimoja kupikia cha pili atapata taabu bure.

Piza ya kuokwa ni ya watu wa Italia, na mji wake mkuu kwa sifa ni Naples. Huko mkate wenyewe ni unga wa ngano, maji, chumvi na hamira, basi. Juu hupakwa tungule na kuwekwa jibini na majani machache ya mmea ambao sisi twaujua vema, maana ni jamaa ya mrehani wetu tunaotia katika vikuba. Tungule nazo hazikuwa za Italia. Zilitoka Amerika, kama vile muhogo, mahindi na pilipili tunavyovila hapa vilivyotoka huko, na kama karafuu yetu ilivyotoka visiwa vya Maluku. Mwaka 2017 shirika la UNESCO liliiandika kazi ya wapikaji piza wa Naples katika orodha ya urithi wa wanadamu, kwa jinsi wanavyoithamini na kufundishana.

Sasa sikilizeni habari ya moto wao. Kanuni za piza ya Naples, zilizosajiliwa katika Umoja wa Ulaya mwaka 2010, zasema sakafu ya tanuri iwe na moto wa kiasi cha digrii 485 za Sentigredi, na kuba lake kiasi cha digrii 430, na piza ikae humo sekunde 60 hadi 90 tu. Hata dakika mbili haikai. Tanuri ya umeme au ya gesi ya nyumbani kwa kawaida hukoma kiasi cha digrii 250, na ndiyo maana piza ya nyumbani mara nyingi hutoka ngumu kama biskuti: hukaa motoni muda mrefu mno ikangojea rangi, na huku maji yote yamekwisha kutoka.

Makaa hayana upungufu huo. Makaa yaliyoshika barabara na kupepewa hupita digrii 700. Kwa hiyo mwenye seredani ana moto mkubwa kuliko mwenye tanuri ya umeme, ila moto wake uko upande mmoja tu. Huko Marekani, katika mji wa Providence, George Germon na mkewe Johanne Killeen walifungua mkahawa wao uitwao Al Forno mwaka 1980, na mkahawa huo ulipata sifa kwa kuchoma piza juu ya wavu wa makaa, bila ya tanuri kabisa. Njia yao ilikuwa kuuchoma unga upande mmoja kwanza, kuugeuza, kisha kuweka vitu juu ya upande uliokwisha iva. Tutaifuata njia hiyo, na tutaiongezea kitu ambacho mabibi wa visiwani petu walikijua zamani kabla ya mtu yeyote kuwafundisha.

Lakini tueleze kwanza kwa nini unga huu wataka moto mkali, kwani mtu akiisha kujua sababu hahitaji kukumbushwa kila hatua. Ndani ya unga uliokandwa mna maji mengi na vipovu vidogo vya hewa vilivyofanywa na hamira. Unga ukikutana na moto mkali, maji yaliyo karibu na uso hugeuka mvuke mara moja, na mvuke huchukua nafasi zaidi ya mara 1,600 kuliko maji uliyotoka. Mvuke huo husukuma vipovu navyo huvimba. Hamira yenyewe hufa moto ukifika kiasi cha digrii 60, basi kazi ya kuinua mkate kutoka hapo ni ya mvuke na hewa iliyokwisha kuwamo. Baadaye kidogo uso wa unga hukauka, ukipita digrii 140 hivi huanza kugeuka rangi ya kahawia, na hapo ndipo harufu ya mkate inapotoka. Moto ukiwa mkali, mambo yote hayo hutimia kabla ndani hapajakauka: nje pamekuwa pakavu na pana mabaka, ndani ni laini. Moto ukiwa hafifu, hukauka ndani na nje pamoja. Huo hauitwi mkate, ni kipande cha kaukau.

Mkate wetu wa ufuta wafanya hivyo hivyo. Bibi huubandika unga juu ya chuma, chini ukishika hukipindua chuma kikaelekea makaa, na uso wa mkate ukapata moto wa makaa wenyewe. Hiyo ni njia ya moto wa chini na wa juu kwa seredani moja. Na katika mkate wa kumimina hatupindui, bali twapalia makaa juu ya kifuniko. Piza haiwezi kupinduliwa, maana tungule na jibini vitamwagika, lakini kupaliwa yaweza. Hilo ndilo tulilokusudia kuwaambia, na yaliyobaki ni maelezo yake.

Tuseme kidogo juu ya makaa. Yatakiwa makaa makavu ya mti mgumu, vipande vya ukubwa wa yai au ngumi ya mtoto. Vumbi na vijisagavyo vitengwe, kwani huziba hewa. Kwa piza nne kiasi cha kilo moja na nusu chatosha. Na tusisahau kwamba kilo moja ya makaa yaliyochomwa kwa tanuri ya udongo ya kienyeji hutumia kilo tano hata kumi za kuni. Kwa hiyo usiwashe moto huu kwa ajili ya piza moja; upangie siku yenye watu, na moto ukianza kupungua bandika maharage. Vifuu vya nazi ni msaada mkubwa: huwaka upesi na kwa ukali, na vikitiwa juu ya makaa yaliyokwisha shika huongeza moto wakati unapohitajiwa. Vitiwe mapema vimalize moshi wake kwanza.

Makonyo yasitumiwe kabisa. Twasikia wako wanaodhani kwamba moshi wa makonyo utatia harufu nzuri katika mkate. Mafuta ya karafuu yakiungua hutoa moshi mkali unaowasha macho na kuacha ladha chungu ulimini. Na zaidi ya hayo makonyo ni mali, hutiwa kiwandani Wawi yakatolewa mafuta. Kuyachoma jikoni ni kuchoma fedha. Wala mkarafuu mzima usikatwe kwa ajili ya makaa. Hilo kila mwanachama analijua na hatuna haja ya kulirefusha.

Juu ya vyombo, twataka kuonya mambo matatu, maana hapa yaweza kutoka madhara. La kwanza, wavu wa banda la kuku na vipande vya bati la kuezekea. Vitu hivyo vimepakwa zinki, na zinki huyeyuka kiasi cha digrii 420. Juu ya makaa makali hutoa moshi mweupe ambao ukivutwa humpa mtu homa na kubanwa kifua. Tumia wavu wa chuma kitupu, kama ule wa kuchomea mishikaki na samaki. La pili, sufuria nyepesi za alumini. Alumini huyeyuka digrii 660, na tumekwisha kusema makaa hupita hapo. Sufuria nyembamba, tupu, yenye makaa juu yake, yaweza kupinda au kutoboka. Chombo cha kupalia kiwe cha chuma kizito. La tatu, jiwe. Vitabu vya wageni husema oka piza juu ya jiwe, na mtu wa kisiwani akitafuta jiwe atapata la matumbawe. Jiwe hilo ndilo tunalochomea chokaa. Likiwa na unyevu ndani hupasuka kwa kishindo, na vipande vyake huruka. Kama wataka kitu cha kuwekea chini ya mkate, chuma kizito cha chapati chafaa zaidi, lakini kwa njia tunayoieleza wavu peke yake watosha.

Seredani ndogo ya duara yafaa kwa piza ya ukubwa wa sahani. Anayetaka kubwa atumie jiko la pipa lililopasuliwa nusu, kama yale ya wauza mishikaki. Uzuri wa pipa ni kwamba lina urefu, na urefu huo hukuwezesha kuwa na upande wa moto mkali na upande wa moto mdogo. Mwenye seredani mbili ndogo aweza kuziweka karibu karibu, moja kali na moja hafifu, ikawa sawa na pipa.

Tuje kwenye unga. Kwa piza nne chukua unga wa ngano nusu kilo, ule wa mkate ukipatikana ni bora kuliko wa maandazi. Maji mililita 310 hivi, yasiwe ya moto. Chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu. Hamira ya chenga nusu kijiko cha chai, na hapa twajua kuna watakaoshangaa, kwani vitabu vingi vilivyoandikwa katika nchi za baridi husema tia zaidi. Hapa kwetu hewa yenyewe ina digrii 28 mpaka 32, na hamira katika joto hilo hukimbia. Ukitia nyingi unga utaumuka upesi, uchachuke, na ukiuweka juu ya wavu utapasuka. Mafuta ya kula kijiko kimoja cha mezani yatausaidia usigande.

Sukari usitie. Twasema hivi kwa sababu mkono wa mpishi wa kwetu huenda kwenye sukari wenyewe. Sukari huungua mapema, na juu ya moto huu mkate utakuwa mweusi kabla ya kuiva. Vivyo hivyo tui la nazi. Katika mkate wa ufuta tui ni roho yake, lakini moto wa ule ni mpole kuliko huu.

Changanya, kisha kanda kwa dakika kumi mpaka unga uwe laini na ukivutwa usikatike upesi. Utaona wanata kidogo mkononi; uache hivyo, usiongeze unga mkavu. Unga mgumu huwa rahisi kwa mkandaji na mbaya kwa mlaji. Funika kwa kitambaa kibichi, uweke mahali pa kivuli mpaka uongezeke mara mbili, nao ni kama saa tatu kwa joto letu, pungufu kidogo wakati wa kaskazi. Ugawe madonge manne, kila moja gramu 200 na ushei, uyaviringe, uyapake mafuta na kuyafunika tena kwa saa moja. Donge lisilopumzishwa halitandi. Ukilivuta hurudi kama mpira. Mwenye barafu nyumbani aweza kuyaweka humo usiku kucha, na ladha ikawa nzuri zaidi.

Vitu vya juu viwe vichache na vikavu, na vilivyokwisha kupikwa. Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa, maana ukarimu wetu hutaka kujaza. Piza hukaa juu ya makaa dakika chache tu, na katika dakika hizo kitunguu kibichi hakiivi, nyama mbichi haiivi, wala tungule mbichi hazitoi maji yake zikakauka. Tungule zipikwe kwanza kwa thomu na chumvi na mafuta kidogo, mpaka rojo lake likiwekwa kijikoni lisitiririke. Karafuu? Moja, iliyosagwa, kwa sufuria nzima ya tungule. Sisi wenye karafuu ndio tunaopaswa kuwa na mkono mwepesi kuliko wote, kwa kuwa twaijua nguvu yake. Ukitia tatu, kinywa kitakufa ganzi kama cha mtu aliyetibiwa jino.

Juu ya tungule weka jibini iliyoparwa, ukonzi mmoja kwa kila piza. Jibini ya aina ya mozzarella huyeyuka na kuvutika. Kama ni ile inayokuja katika maji, ikamuliwe na kuachwa ichuruzike saa moja. Asiyeipata aweza kugandisha maziwa kwa ndimu na kuyakamua katika kitambaa. Jibini hiyo haiyeyuki, lakini ikiparwa na kuchanganywa na mafuta kidogo hupata rangi na ni tamu. Pweza aliyechemshwa akalainika, akakatwa vipande vidogo, ni mzuri sana juu ya piza, na kwa maoni yetu ashinda nyama ya kusaga. Pilipili boga zichomwe kwanza juu ya makaa hayo hayo.

Sasa moto. Washa makaa nusu saa kabla. Usiharakishe kwa mafuta ya taa, maana harufu yake hubaki katika mkate. Ngoja mpaka makaa yote yamevaa jivu jembamba jeupe na ndani yake ni mekundu. Makaa yenye weusi bado yana moshi. Yakiisha kushika, yasogeze kwa koleo: sehemu kubwa, kama theluthi mbili, iwe upande mmoja, na theluthi iliyobaki itandazwe upande wa pili. Weka wavu juu, uuache dakika tano upate moto, kisha uusugue kwa kitambaa chenye mafuta kilichoshikwa kwa koleo.

Kupima moto hakutaki chombo. Weka kiganja juu ya wavu, kwa urefu wa upana wa kiganja chenyewe, uhesabu pole pole. Upande mkali ukifika mbili ni lazima uutoe mkono. Upande wa pili uweze kufika tano. Kama upande mkali wakuruhusu mpaka nne, pepea au ongeza vifuu, wala usiweke unga bado.

Tanda donge kwa ncha za vidole juu ya sinia iliyopakwa mafuta, ukisukuma kutoka katikati kwenda ukingoni, mpaka liwe upana wa shubiri moja na nusu hivi. Kijiti cha kusukumia chapati chaweza kutumiwa, lakini hutoa hewa yote tuliyoingojea saa nne. Unene uwe sawa. Mahali pembamba ndipo patakapotoboka. Paka mafuta juu. Kisha uinue kwa mikono miwili na uulaze juu ya wavu, upande wa moto mkali, kama mtu anavyolaza jamvi: ukingo wa mbele kwanza.

Hapo usiondoke, wala usiitikie hodi. Katika nusu dakika utaona vipovu vikiinuka. Katika dakika moja, au moja na nusu, inua ukingo kwa mwiko utazame chini. Ukiona michirizi ya wavu imekuwa ya kahawia na mabaka machache meusi, ndiyo saa yake. Mabaka meusi machache si kasoro. Ndiyo alama ya moto mkali. Weusi ulioenea mahali pote ndio wa kuepukwa. Utoe mkate, uuweke katika sinia, upande uliochomwa uelekee juu.

Upande huo ulioiva ndio utakaobeba vitu. Sababu yake ni kwamba umekwisha kukauka na kufanya ngozi, na maji ya tungule hayapenyi. Paka tungule upesi, tawanya jibini, weka hicho kingine ulichonacho, uache ukingo wa kidole kimoja bila kitu. Vyote viwe tayari katika bakuli karibu nawe kabla hujaweka unga motoni. Kisha urudishe mkate, safari hii upande wa moto mdogo, ufunike kwa chombo cha chuma kizito chenye nafasi ndani, kisigusane na jibini, na juu ya chombo upalie makaa mekundu matano au sita yaliyotolewa katika ule upande mkali.

Dakika tatu zatosha, au nne. Kuba la tanuri la Naples ndilo hilo kwa kipimo cha seredani: makaa ya juu hukipasha chuma, chuma huipasha jibini, na hewa ya moto itokayo chini huzuiliwa isipotee. Bila kifuniko hewa hiyo huenda zake juu na jibini hubaki ikikutazama. Ukifunua, inua kifuniko wima, usikiinamishe, ama sivyo jivu lote litakuwa juu ya chakula. Jibini ikiwa imetoa mapovu na chini pamekauka, iko tayari. Kama chini pameiva na juu bado, toa makaa ya chini wala usiongeze muda. Kama juu pameiva na chini pangali peupe, ondoa kifuniko na uisogeze nusu dakika upande mkali. Kwa maneno mengine, tengeneza moto wa upande uliopungukiwa.

Piza ya kwanza huwa ya kujifunzia moto. Wape watoto. Kabla ya ya tatu ongeza makaa machache yaliyokwisha kushika katika seredani nyingine, usiongeze meusi, maana yatavuta moto chini na kutoa moshi katikati ya kazi.

Lipo jambo ambalo hatuwezi kulipita. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, nayo haina rangi wala harufu, na hutoka hata wakati ambapo moshi umekwisha na makaa ni mazuri mekundu. Hewa hiyo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, ikaizuia isifike mwilini. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, kisha hulala usingizi asiamke. Kwa moto mkubwa kama huu kazi ifanywe nje, au ukumbini penye upepo. Wakati wa masika watu hupenda kuingiza seredani ndani na kufunga mlango kwa ajili ya mvua. Tafadhali msifanye hivyo, na hasa msiiingize chumbani baada ya kupika ili kupata joto au kukausha nguo, watoto wakiwa wamelala. Mtu akiona kichwa chamuuma karibu na makaa, atoke nje pamoja na wote waliomo, na akizidiwa apelekwe hospitali mara moja.

Na mahali pa kuwasha pachaguliwe vema kwa ajili ya mali pia. Karafuu zilizo juu ya majamvi hushika harufu ya moshi, na karafuu yenye harufu ya moshi haina la kujitetea mbele ya mpimaji. Tazama upepo: moto uwe upande unaokokwenda upepo, majamvi yawe unakotoka. Usiwashe chini ya mikarafuu, hata kivuli chake kikikupendeza, wala karibu na majani makavu na makumbi.

Donge likibaki, lisitupwe. Kesho yake lipake maji chini, libandike juu ya chuma, nyunyiza ufuta, na ulipindue kwenye makaa kama tulivyozoea. Halina tui, lakini kwa chai ya asubuhi ni jema.

Makaa yaliyobaki yasimwagiwe maji, kwani seredani ya udongo hupasuka na makaa yenyewe huharibika. Yatie kwa koleo katika chungu kikavu, ukifunike kisipitishe hewa, nayo yatazimika yenyewe na kushika upesi siku nyingine. Lakini msiyarudishe guniani usiku ule ule. Makaa yanayoonekana yamekufa hukaa na moto moyoni kwa saa nyingi, na magunia ya makaa katika nyumba zetu nyingi hukaa ghala moja na magunia ya karafuu. Yaacheni chunguni, nje, mpaka asubuhi.